Mshtakiwa Alinyamaza

Kambi Na. 3, Shamba la Mkonge,
Korogwe.
2 Aprili 1986

Mpwa wangu Mwamini,

Leo ni Jumatano, tarehe 2 Aprili. Tangu nitoke kwetu ni miaka kumi na moja na miezi minne. Naihesabu kwa sababu ukiacha kuhesabu unakuwa mtu wa hapa, na mimi si mtu wa hapa.

Barua yako nimeipata, kwamba mwaka wa kwanza wa sheria umepita na sasa uko likizo Nachingwea kwa shangazi yako Sabaha. Niliwasomea wenzangu. Swalehe wa Mtua, ninayelala naye chumba kimoja, akasema, "Huyo akimaliza atatufunga wote." Nikamwambia, "Wewe atakufunga kwa kukoroma." Walicheka. Mimi nilitoka nikaenda kukaa nje.

Nikuambie kweli, sikupenda ulipochagua sheria. Ningependa uwe mganga wa hospitali, au mwalimu. Mama yako aliponiandikia kuomba neno langu, maana kwetu mtoto ni wa mjomba na haendi mbali mpaka mjomba aseme, nilikaa na barua yake majuma mawili. Halafu nikasema nenda. Usiniulize kwa nini majuma mawili.

Mkonge sikati tena kama zamani. Kifua kimeharibika. Miaka ile niliyokaa kwenye mashine, vumbi liliingia na halikutoka. Msimamizi ni mtu mwema, amenipeleka kwenye kufunga mafungu, kazi ya wazee na wagonjwa. Mimi nina miaka arobaini na sita.

Unasema yuko hakimu hapo anayekufundisha bila kutumwa na mtu. Hukutaja jina lake. Nitajie, na unieleze anakufundisha nini.

Ukienda Mbekenyera msalimie mama yako.

Mimi mjomba wako,
Seleman Bwanali

*

Nachingwea,
21 Aprili 1986

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imekaa njiani siku kumi na sita kwa ajili ya mvua. Imefika na alama ya tope, nadhani hata tarishi alianguka nayo.

Jina lake ni Hakimu Kornel Komba. Ni mtu wa Mbinga, aliletwa kusini zamani, akazungushwa katika mahakama ndogondogo za vijijini kabla ya kuletwa hapa mjini. Mwakani anastaafu. Alitukuta mimi na Linus, kijana wa Mtua aliye mwaka wa pili wa sheria, tumekaa benchi la nyuma tunasikiliza kesi. Akatuita, "Ninyi ni watoto wa nani, na mmeshtakiwa nini?" Nilipomwambia natoka Mbekenyera na nasoma sheria, alivua miwani akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari ya ndugu yake. Akasema, "Nimehukumu watu wa huku miaka kumi na tano na sijawahi kukaa na hakimu wa huku hata mmoja. Sisi sote tumeletwa. Nikiondoka nataka kiti changu akikalie mtu asiyeletwa." Tangu siku hiyo tunakwenda nyumbani kwake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kesi zikiisha.

Anavyofundisha ni hivi. Anachukua mafaili ya zamani yaliyofungwa. Jina la mshtakiwa analifunika kwa karatasi, na ukurasa wa hukumu anaubana kwa kibanio. Anasema, "Mkijua jina mtajua ukoo, na mkijua ukoo mtahukumu ukoo." Sisi tunasoma shtaka na ushahidi, kila mmoja anaandika hukumu yake na adhabu yake, ndipo tunatoa kibanio tuone hakimu wa siku ile aliamuaje. Kisha kila mmoja anaitetea hukumu yake mbele yake, na hana huruma.

Linus huwaachia watu wote. Juzi alimwachia mwizi wa baiskeli aliyekamatwa yuko juu ya baiskeli. Hakimu akamwuliza, "Sasa Linus, ni baiskeli iliyompanda yeye?" Mimi sina mkono mlaini. Linus ananiita Bi Gereza. Lakini Hakimu amesema katika vijana wote aliowahi kuwafundisha mimi ndiye ninayefaa kukaa kitini, kwa sababu siogopi kuamua.

Chuoni, darasani kwetu, tunaotoka kusini ni wawili, na msichana ni mimi peke yangu. Wakati mwingine najiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa kukosea mlango. Kwa Hakimu sijioni hivyo.

Wako,
Mwamini

*

Kambi Na. 3, Korogwe.
9 Mei 1986

Mpwa wangu,

Nimesoma yako. Nina maswali machache unijibu.

Huyo Hakimu Kornel ni mrefu? Saa anaivaa upande wa ndani wa mkono? Kimwera anakijua? Mnakaa naye mlango ukiwa wazi au umefungwa?

Jina langu usimtajie. Akiuliza, sema mjomba wako anafunga mkonge Tanga, inatosha.

Usiache kwenda. Nimeuliza tu.

Seleman Bwanali

*

Nachingwea,
23 Mei 1986

Mjomba, shikamoo.

Nimeelewa unachokiogopa, na shangazi Sabaha naye ameelewa, amecheka mpaka amekaa chini. Anasema mjomba mtu ni mjomba hata akiwa Korogwe. Usiwe na wasiwasi. Hakimu ana miaka karibu sitini. Mlango uko wazi, na mkewe, Mama Felomena, anakaa pale pale akichambua mchele, na Linus akisema upuuzi ni yeye wa kwanza kumkemea. "Wee Linus, hayo ndiyo wanakufundisha?"

Ndiyo, ni mrefu. Saa anaivaa ndani ya mkono kama ulivyosema. Labda mahakimu wote huvaa hivyo. Kimwera hajui zaidi ya salamu. Mahakamani karani ndiye humtafsiria.

Jina lako sikulitaja, ingawa sioni sababu ya kukuficha. Mimi sioni aibu kuwa na mjomba mfunga mkonge.

Jumatano ijayo ameahidi kutupa faili fupi kuliko yote, kurasa mbili tu, kutoka mahakama ndogo ya huko vijijini iliyokwisha kufungwa. Anasema mafaili mafupi ndiyo magumu.

Mwamini

*

Mbekenyera,
4 Juni 1986

Mjomba,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia Jumatano ile.

Hakimu alitupa lile faili. Shtaka lilikuwa kukaidi amri ya kuhamia kijiji kipya, mwaka 1974. Shahidi mmoja, mgambo, mistari minne. Kisha utetezi, mstari mmoja: "Mshtakiwa ameulizwa kama ana la kusema. Mshtakiwa alinyamaza." Basi, hakuna kingine.

Linus aliandika kwamba hawezi kuamua, mtu huyo aitwe aulizwe tena. Nilimcheka. Nilimwambia, "Mtu mzima akiulizwa akanyamaza, unataka wewe umsemee?" Mimi niliandika: ana hatia, amekiri kwa kunyamaza kwake, afungwe miezi sita. Nilipotoa kibanio nikakuta hakimu wa siku ile aliandika miezi sita. Nilifurahi, Mjomba. Ni lazima nikuambie kwamba nilifurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza adhabu yangu kulingana sawasawa na ya kitini. Hakimu akasema, "Vizuri, hakimu wa hapa ni mimi mwenyewe." Ndipo nikaivuta karatasi iliyofunika jina.

Niliweka penseli mezani nikatoka. Kesho yake nilipanda lori la mahindi mpaka huku. Nilimwuliza mama, na mama alilia kabla sijamaliza kuuliza. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi. Niliambiwa mjomba amekwenda kutafuta kazi. Siku lori la kuhama lilipokuja, Bibi alipakiwa pamoja na vyungu, kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu njia nzima, na siku ya tisa alikufa. Miaka yote hii, hata nilipokuwa nakuandikia barua za furaha, nilikuwa nina neno moyoni: kwa nini hukuja kumzika mama yako? Watu hapa husema Seleman alikimbia msiba. Na mimi niliwahi kusema.

Kwa Hakimu sirudi. Si kwa hasira juu yake. Yeye alikuwa mgeni. Mimi ni wa hapa, nina damu yako, nilipewa karatasi ile ile nikaandika neno lile lile. Mtu kama mimi asikae kitini.

Nimeandika barua ya kuomba kuhamishiwa ualimu. Iko ndani ya bahasha, sijaituma. Wewe ndiwe uliyenipa ruhusa ya sheria, kwa hiyo nangoja neno lako. Chuo kinafunguliwa Jumatatu tarehe 7 Julai.

Kama utakuja, mimi nitakupeleka kaburini kwa Bibi. Nitakungoja hapa.

Mwamini

*

Nachingwea,
9 Juni 1986

Ndugu Seleman Bwanali,

Hunijui kwa barua, ila unanijua kwa njia nyingine, na ninaandika nikiwa na haya.

Mpwa wako hajaja kwangu tangu tarehe 28 Mei. Linus alifikiri ana homa. Mke wangu alikwenda kwa Bi Sabaha, akarudi na habari. Ninakuomba uamini kwamba faili lile sikulichagua nikijua. Nililitoa katika sanduku kwa sababu lilikuwa fupi, na nilitaka kuwafundisha jinsi ya kuamua pale penye ushahidi mdogo. Kiasi hicho nilikuwa nimejiaminisha kwamba niliamua vema.

Tangu hapo nimelisoma mara nyingi. Nimetafuta sura yako katika kumbukumbu zangu na sikuipata. Kwa mujibu wa daftari, asubuhi ile nilisikiliza kesi kumi na moja, na lori la magereza lilikuwa linangoja. Ningependa kukuambia kwamba nakukumbuka. Sikukumbuki. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko miezi sita yenyewe.

Muda wa kukata rufaa ulikwisha zamani, lakini ipo njia ya kuiomba mahakama ya juu ilitazame faili. Ukitaka, nitaandika mimi mwenyewe kwamba nilikosea, kabla sijastaafu.

Lakini ninakuandikia hasa kwa ajili ya Mwamini. Anataka kuacha. Nimewafundisha vijana wengi kidogo, na wengi wao nilipowaonyesha kosa lao walitafuta maneno ya kulifunika. Huyu alikimbia. Sina la kumwambia, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika. Wewe unalo.

Nakuomba radhi.

Kornel Komba

*

Kambi Na. 3, Korogwe.
25 Juni 1986

Hakimu Kornel,

Barua yako nimeisoma. Umeniita Ndugu. Siku ile uliniita Mshtakiwa Namba Saba, kwa hiyo naona tumesogea.

Pole yako nimeipokea. Sijui niiweke wapi. Bado nimeishika mkononi.

Kesi sitaki. Mama yangu hatafufuliwa na mahakama ya juu, na miezi sita nilikwisha kuimaliza, siwezi kuirudisha kama gunia lililopungua. Ila uandike karatasi nyingine kwa mkono wako, uiweke ndani ya faili lile, iseme kwamba mshtakiwa alisema. Alichosema nimemwandikia Mwamini. Atakupa yeye, na ukiandika akusimamie.

Ulisema hunikumbuki. Ni afadhali umesema kweli.

Seleman Bwanali

*

Kambi Na. 3, Korogwe.
25 Juni 1986

Mpwa wangu Mwamini,

Barua hii haipiti posta. Nampa Swalehe, anaondoka leo kwenda kwao Mtua, na nimemwambia asishike jembe kabla hajafika Mbekenyera kukupa. Ya Hakimu nimeiweka humu humu, nenda nayo.

Nilijua unaandika habari za nani tangu ulipotaja jina. Sikusema, kwa sababu nilifikiri: kama mtu yule ana kitu cha kumpa mtoto wetu, atoe. Alininyima mimi, basi akupe wewe. Hayo ya mlango na saa niliuliza ili niwe na hakika kwamba ni yeye. Mkanicheka. Haidhuru, nami nilicheka kidogo.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu, hata mama yako hakuwamo ndani ya chumba.

Mimi sikunyamaza.

Nilisoma mpaka darasa la pili. Haya ninayoandika nimejifunza hapa kambini, katika madarasa ya watu wazima. Wakati ule Kiswahili changu kilikuwa cha kuuzia korosho mnadani. Nilipoulizwa kama nina la kusema, mbele ya watu wenye mashati na meza, Kiswahili chote kilinitoka. Nikasema kwa Kimwera. Nilisema hivi: "Amri nimeisikia na kuhama nitahama. Lakini mama yangu amevimba miguu na kifua kinambana, lori litamwua. Nipeni mpaka Ijumaa nitengeneze machela, mimi na shemeji yangu tutambeba kwa miguu mpaka huko kijijini kwenu. Baada ya hapo nifungeni mkitaka."

Nilisema yote, na niliyasema mara mbili. Hakimu alimtazama karani. Karani naye alikuwa mgeni, hakujua hata neno moja, na aliona haya kusema hajui. Akatikisa kichwa. Hakimu akatazama saa yake ndani ya mkono, akaandika. Nilidhani anaandika maneno yangu. Nilishukuru. Kwa Kiswahili hicho kidogo nilisema, "Asante, bwana."

Nyuma yangu kwenye mabenchi walikaa watu kama ishirini, wote wanajua Kimwera. Hakuna aliyesimama. Siwalaumu, kila mmoja alikuwa anangoja zamu yake, na mgambo yuko mlangoni.

Nilitoka gerezani mwezi wa kumi na mbili. Nilifika Nachingwea nikiwa na furaha, nataka kununua kitambaa nimpelekee mama. Sokoni mtu mmoja tunayefahamiana akanishika mkono akasema, "Pole Seleman, Mungu amrehemu." Alidhani najua. Nilikaa chini kwenye magunia ya ufuta ya watu, mwenye ufuta akaniambia inuka utayapasua. Niliinuka. Kutoka hapo kwenda Mbekenyera si mbali, unajua mwenyewe. Miguu ilikataa. Niliogopa kumwuliza mtoto wa watu kaburi la mama yangu liko wapi. Nikashika njia ya Lindi, nikapanda meli, na mpaka leo ndiyo niko hapa. Kwa hiyo wanaosema nilikimbia msiba hawakusema uongo wote. Nawe uliposema hukunikosea.

Sasa hili la hukumu yako. Unasema ni damu yangu na ukanifunga. Mwanangu, ulifunga karatasi. Karatasi ilikuambia mtu amenyamaza na wewe ukaiamini, kwa sababu wamekufundisha kuiamini. Linus alitaka mtu aitwe aulizwe tena. Linus alikuwa na haki siku hiyo, mwambie nimesema, lakini asivimbe kichwa, mwizi wa baiskeli ni mwizi.

Unasema mtu kama wewe asikae kitini. Nani akae? Aliyesoma lile faili akaenda kula? Mimi nimekaa miaka kumi na moja nikimwaza mtu mmoja tu ambaye siku ile angekuwa mbele pale, anajua Kimwera, na haogopi. Hakuhitaji kuniachia huru. Angeniuliza mara ya pili tu. Nilikuwa nangoja mtu huyo azaliwe, kumbe alikuwa amezaliwa, ana miaka kumi, yuko nyumbani, bado kidogo apakiwe kwenye lori na bibi yake.

Uliniomba neno langu kama mjomba. Neno ni hili. Barua ya ualimu ichome kwa moto wa mama yako, mbele yake. Nenda kwa Hakimu Kornel, simama hapo anapoandika, umsomee maneno yangu kwa Kimwera kwanza, halafu kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno. Usimtukane. Kisha kaa naye siku zilizobaki umalize mafaili yake yote, na Jumatatu tarehe saba uwe Chuoni kwenye sheria.

Usinililie kwa barua. Mama yako analia vya kutosha kwa sisi wote.

Hapa nimeaga. Kifua hakinipi miaka mingine ya mkonge, na msimamizi ameniambia kwa upole kwamba wanapunguza watu. Nitaondoka Korogwe Alhamisi tarehe 10 Julai. Ijumaa tarehe 11 jioni nitapita Chuoni kwenu, nitamwambia wa getini namtafuta mpwa wangu anayesoma sheria, nikuone kwa macho. Nimebadilika, usishtuke.

Kunipeleka kaburini hapana. Nitakwenda na mama yako, sisi wawili tuliozaliwa na yeye. Natarajia kufika Mbekenyera Jumatatu tarehe 14 Julai, kabla ya saa sita mchana. Saa hiyo wewe uwe darasani.

Mjomba wako,
Seleman Bwanali